Bila Nyongeza

Siku tuliyoruhusiwa kutoka hospitali, mjukuu wangu alikuwa na uzito wa chupa mbili za mafuta ya kupikia. Nesi alitaja kilo na nukta zake, nami nikaitikia kwa heshima, lakini mikono yangu ndiyo iliyonielewesha. Nimeuza mafuta sokoni tangu binti yangu akiwa mgongoni. Chupa mbili nazijua hata nikifumba macho.

Alizaliwa kabla ya wakati. Presha ilimpanda mama yake, wakampasua ili wawaokoe wote wawili, na mtoto akaja duniani kama tunda lililochumwa bichi. Jina la kuitwa mbele za watu hakuwa nalo bado. Baba yake alisema hawezi kumtwika jina la babu mtu asiyejaa kiganja, kwa hiyo tukamwita Punje. Mimi nilimwita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wa kiume. "Mume wangu," nilimwambia, "wenzako huwatafutia wake zao chakula, wewe hata kutembea unabebwa." Hakuwa na nafasi ya kunijibu. Nguvu zake zote zilikuwa katika kupumua.

Pale wodini kulikuwa na nesi mmoja mwembamba ambaye hakumshika mtoto yeyote kabla ya kusugua viganja vyake vikapata joto. Nilimpenda kwa hilo tu, kabla hata hajanisemesha. Yeye ndiye aliyetufundisha. Punje alikuwa akichoka upesi kunyonya. Anavuta mara chache, kisha analala na titi mdomoni. Basi mama yake akamue maziwa kwenye kikombe safi, na mtoto anyweshwe taratibu kila baada ya saa tatu, mililita thelathini.

"Usipunguze, bibi, na usizidishe," aliniambia. Akanipa kikombe kidogo cha plastiki chenye mistari, kama vile vinavyofunika chupa za dawa ya kikohozi.

Neno la kutozidisha halikuhitaji kurudiwa. Siku moja palepale wodini, mtu mwenye haraka zake alimnywesha Punje zaidi ya alivyoweza. Maziwa yakampalia, midomo ikawa rangi ya wino. Yule nesi alikuja mbio, akamgeuza, akamvuta maziwa puani mpaka mtoto akalia, na kilio chenyewe kilikuwa kama cha kifaranga. Binti yangu hakuuona mkasa huo. Alikuwa wodi nyingine na mshono wake. Mimi niliuona. Tangu siku hiyo tone la ziada nililiogopa kama moto.

Nyumba yao ni vyumba viwili nyuma ya duka la kinyozi, na kinyozi mwenyewe ndiye mkwe wangu. Tulipofika na mtoto, nilikuta amezima ile redio ya dukani ambayo majirani walimwomba kwa miaka aipunguze sauti akawa anaiongeza. Wateja walizungumza kwa kunong'ona kama watu waliokuja kuiba. Mmoja alinyolewa akaondoka bila kujua mpira uliishaje, wala hakuuliza. Mambo kama hayo mtu huyaona akayaweka moyoni.

Basi, kile kikombe. Wodini walisema kila kinachoingia kinywani mwa mtoto kichemshwe, na mama yangu alisema hivyohivyo zamani. Nikakitia sufuriani, nikauacha moto ukiwa mkali, nikaenda kumtazama mtoto. Niliporudi kilikuwa kimejikunja kama sikio la paka, na mistari imepotelea ndani ya mikunjo.

Mkwe wangu alikitoa kwa uma, akakiinua kwenye mwanga.

"Mama, umekipika," alisema. "Sasa hiki tukile na nini?"

Tulicheka. Binti yangu alicheka huku ameshika mshono wake, akituomba tuache kwa sababu anaumia. Hatukucheka tena kwa muda mrefu.

"Tutapima kwa kijiko," nilisema. Nilikuwa nimemsikia nesi akimwambia mama mmoja kwamba kijiko cha chai ni mililita tano. Mkwe wangu akapiga hesabu kichwani: tano mara sita, thelathini. Binti yangu akahesabu kwa vidole, naye akafika thelathini. Hapo hapakuwa na wa kubisha.

Kijiko nilichokitoa hakikuwa cha kabatini mwao. Kilikuwa changu, na kabla yangu cha mama yangu. Kidogo, kizito, cha madini meupe yasiyoshika kutu. Kwetu hakuna mtoto aliyeonja uji wa kwanza bila kijiko hicho. Mama yangu alinilisha nacho mimi na wadogo zangu, nami nikamlisha binti yangu. Miaka ambayo hakikuwa na mtoto, kilikwangua masufuria. Nilipopigiwa simu kwamba binti yangu ameingizwa chumba cha upasuaji, nilikifunga kitambaani nikaja nacho. Sikujua ningekifanyia nini. Mtu akiwa na hofu hubeba kitu anachokijua.

Wala mambo ya vipimo hayakuwa mageni kwangu. Nilipoanza biashara tuliuza kwa kibaba cha bati, kwa chupa na kwa debe. Kisha zikaja lita. Bwana wa vipimo alipita meza kwa meza na chombo cha kioo chenye mistari, akamimina kibaba changu humo, akainama akakitazama kwa jicho moja, akasema hakifiki nusu lita.

"Kioo chako ndicho hakifiki," nilimjibu. "Kibaba hiki kimelisha mtaa mzima."

Soko lilicheka, na yeye alicheka nao, maana alikuwa mtu mwema. Halafu akakaa kwenye kigoda changu akanifundisha bila haraka: chupa ile ni robo tatu ya lita, debe ni lita kumi na nane na kitu. Nikamuuliza, hicho "kitu" ni cha nani? Akasema, "Cha mteja, mama. Ukimnyima, atakijua tu."

Mimi niliona kwamba, iwe lita au kibaba, kinachomrudisha mteja ni nyongeza. Ukishajaza kipimo ukakimimina kwenye chupa yake, unachota tena kidogo, unamwongezea, yeye akiona. Hata kama kipimo chako kimebonyea mahali, nyongeza inafunika. Katika miaka yote ile sikumuuzia mtu bila nyongeza, hata mlevi aliyetumwa na mkewe akiwa hajui ametumwa nini. Wenzangu walinitania: "Haba na haba hujaza kibaba, lakini cha kwako, dada, kinajazwa na kumwagwa."

Kwa Punje hapakuwa na nyongeza.

Nilikaa naye kifuani, ngozi kwa ngozi, shuka limetufunga pamoja, nikamlisha nikihesabu kwa sauti ndogo. Moja. Nangoja ameze. Mbili. Nangoja. Kila kijiko nilikijaza mpaka ukingoni na kukibeba kama mtu anayevuka chumba na taa. Ikifika sita namfuta midomo. Kikombe kilikuwa bado na maziwa.

"Amekataa?" binti yangu aliuliza kitandani.

"Amemaliza."

"Mbona yamebaki?"

"Yamebaki kwa sababu unayo mengi. Mshukuru Mungu."

Mwanzoni neno hilo lilimfurahisha. Lakini Punje, akishafutwa midomo, aliendelea kuichezesha. Aligeuza kichwa huku na huku kifuani kwangu, anatafuta, na mama yake anamtazama. Kisha anachoka kutafuta, analala. Baadaye akaacha hata kutafuta. Alilala tu, ikawa lazima nimkune nyayo ndipo ameze. Tukaambiana kwamba ametulia.

Tulipomrudisha kupimwa mara ya kwanza, alikuwa amepungua. Nesi mwembamba alitandika kitambaa juu ya mizani ili bati lisimguse kwa baridi yake, akampima, akampima tena.

"Wengine hupungua kidogo wakitoka hapa," alisema. "Anakunywa?"

"Thelathini zake zote," nikasema. "Sipunguzi, sizidishi."

"Vizuri, bibi. Endelea hivyo."

Ndivyo nilivyomwambia, thelathini. Sikusema vijiko sita. Yeye alikuwa mtu wa mililita, nami nilitaka kumjibu kwa kipimo chake.

Nikaendelea hivyo. Binti yangu alikula alichoweza na alichoshindwa, akinywa uji mpaka machozi yanamtoka, ili maziwa yawe mazito. Siku moja nilimkuta ameyamimina kwenye glasi, amesimama nayo dirishani.

"Tazama, Mama. Yana rangi ya maji yaliyooshewa mchele."

"Maziwa ya mtu ndivyo yalivyo. Hata ya kwangu yalikuwa hivyo, na wewe huyu hapa, umenenepa."

"Usinitanie." Aliiweka glasi chini polepole. "Mtoto anakunywa chote anachotakiwa kunywa, na anakonda. Sasa kasoro iko wapi? Haiko kwake. Haiko kwako, wewe unampimia kama dhahabu. Iko kwangu."

Mvua ilikuwa imeshika kazi wiki ile na nepi hazikauki. Mkwe wangu alikuwa akizifua mwenyewe baada ya kufunga duka, kisha anazikausha moja moja kwa drai ya nywele, akizikunja zikiwa bado na joto na kuziweka karibu na mto wa mkewe. Naye binti yangu alikuwa akizipokea bila kuinua macho. Alidhani hastahili hata nepi ya moto.

Mara ya pili kupimwa, nesi hakusema neno mbele ya mama mtoto. Alimfunika Punje mwenyewe, akampa mamake, akaniita nje kwenye korido.

"Bibi, sitakuficha. Akiendelea kushuka hivi, hatutakuwa naye."

Ukuta wa pale umepakwa rangi nusu, chini kijani, juu nyeupe. Niliushika pale rangi zinapokutana.

"Nimepiga simu hospitali kubwa," aliendelea. "Leo hawana kitanda. Kesho asubuhi mje hapa, gari la wagonjwa litawachukua, wampitishie mpira mpaka tumboni wamlishe kwa huo. Daktari wa huko atataka kujua mtoto anakunywa kiasi gani, na mama anatoa maziwa kiasi gani. Leo pimeni, mjue."

"Atafika kesho?"

Alisugua viganja vyake, ingawa hapakuwa na mtoto wa kushikwa.

"Mkae naye kifuani," alisema. "Baridi isimguse."

Tulirudi nyumbani tukapita dukani kati ya wateja. Mkwe wangu alikuwa na mtu kitini, nusu ya kichwa imenyolewa. Alinitazama usoni akajua, akazima mashine. Yule mteja akasema, "Kaka, nenda, mimi nitangoja," akakaa na nusu kichwa chake, hakuomba hata kioo.

Mchana ule saa ya kumlisha ilipofika, nilimfungua Punje kifuani nikaona ngozi ya mapaja yake imelegea kama soksi ya mtu mzima. Nikakuna nyayo. Nikahesabu. Ilinichukua muda kufika sita. Nikamfuta midomo.

"Mwongeze," binti yangu alisema.

"Nesi alikataza."

"Kijiko kimoja tu, Mama."

"Hukumwona alivyopaliwa. Mimi nilimwona. Alikuwa ameshaondoka yule, akarudishwa."

"Na sasa haondoki?" Sauti yake haikupanda. Ingepanda ningepata nafuu. "Watu wa sokoni uliwaongeza. Walevi uliwaongeza. Mtu aliyekukopa akahama mtaa ulikuwa ukimwongeza. Mwanangu mimi ndiye unayemnyima."

Mkono wangu ulichota cha saba. Ulichota wenyewe, kama ulivyozoea. Kijiko kikasimama kati ya kikombe na mdomo wa mtoto, na pale kwenye mdomo nikaiona tena ile rangi ya wino. Nikayarudisha maziwa yake kikombeni.

Binti yangu aligeukia ukuta.

Nilikaa pale na mume wangu kifuani, na kwa mara ya kwanza katika uzee wangu nikaona sina lolote la kumpa mtu. Nimezika mume, nimezika wazazi, lakini wote hao kulikuwa na kitu cha kufanya: kuchota maji, kukanda miguu, kushona shuka. Hapa nilikuwa nimefanya kila kitu kama nilivyoambiwa, bila kukosea hata kimoja, na mtoto alikuwa akipungua mikononi mwangu kama mafuta kwenye chupa iliyopata ufa.

Mkwe wangu akabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe. Alibaki kizingitini kwa sababu aproni yake ilikuwa na nywele za watu. Alishika kikombe cha kupimia, cha aina ya vile anavyochanganyia rangi ya nywele, chenye mistari na tarakimu ubavuni.

"Mama, nesi alisema tupime. Hiki ni kipya, sijakitumia, lakini hata hivyo kisiguse maziwa. Tupime kwa maji. Tujaze maji kikombe anachokamulia, tuyamimine humu, tutajua kinaingia mililita ngapi."

Ilikuwa akili nzuri, nami nilitaka kuitendea haki. Nilisema, "Anza na alichokunywa. Hicho tunakijua, ni thelathini. Kikifika penyewe tutaamini kikombe chako ni cha kweli."

Akavua aproni, akaleta bakuli la maji. Nikachota kwa kijiko changu, nikijaza mpaka ukingoni kama kawaida, nikihesabu. Sita. Tukainama wote wawili kutazama.

Maji yalikuwa chini ya mstari wa ishirini.

"Kikombe chako ni kibovu," nilisema.

"Mama, hiki kikikosea, watu wanaungua vichwa."

"Basi nimehesabu vibaya."

Nikamwaga, nikaanza upya. Safari hii alihesabu pamoja nami. Sita. Maji yakasimama palepale, chini ya ishirini, hayakuona haya. Nilimkumbuka bwana wa vipimo ameinama na jicho moja, na soko zima likicheka. Hapa hakuna aliyecheka.

Mkwe wangu alikwenda kabatini akaleta kijiko chao cha chai, chembamba, cha dukani, cha juzijuzi. Akachota sita. Maji yakapanda yakagusa thelathini.

Kisha akaviweka vijiko viwili sambamba juu ya meza, na hapo nikakiona kile ambacho macho yangu yalikuwa yamekipita maisha yote. Kijiko changu kilikuwa kimelika. Upande mmoja wa ukingo haukuwepo. Ulikuwa umekwenda, kama mwezi unaopungua. Mama yangu alikwangua masufuria kwa mkono wa kulia, nami nikakwangua kwa mkono wa kulia, upande uleule, ukoko baada ya ukoko, na kila sufuria ilikuwa imechukua kidogo. Nilipokijaza mpaka ukingoni, nilikijaza mpaka ukingo ulioisha. Kila nilipotaja sita, Punje alikuwa amepata kama tatu na nusu.

Haba na haba. Kumbe hivyo ndivyo kibaba kinavyoisha pia.

Binti yangu alikuwa ameamka. Alisimama ameshika mshono, anakitazama kikombe, anavitazama vijiko. Nilingoja aseme. Lolote ambalo angesema nilikuwa nimelistahili.

"Kwa hiyo maziwa yangu si maji," alisema.

"Si maji, mwanangu."

"Si maji," alirudia, kama mtu anayesomewa hukumu akaachiwa. Akaja akaweka kichwa chake begani kwangu, upande usio na mtoto, akalia kilio alichokuwa amekibana tangu hospitali. Nilitaka kumwambia kwamba nilimnyima mwanawe chakula kwa mkono wangu huu. Nilianza kulisema.

"Nyamaza, Mama," alisema. "Nipe nimlishe."

"Ngoja," mkwe wangu alisema. "Kwanza tumuulize nesi."

Alipiga simu akaiweka tusikie sote. Nilimweleza mwenyewe.

"Bibi, uliniambia thelathini," nesi alisema, "nami sikukuuliza unapima kwa nini. Tulikosa wote." Hakuwa na haja ya kujitia humo. Alijitia. Halafu sauti yake ikawa ya kazi: tusirukie thelathini mara moja, tumbo lake limezoea kidogo. Tuanze na vijiko vinne kamili vya kile cha dukani, tungoje, tutazame tumbo, tumwinue kichwa. Safari ijayo vitano. Ikifika asubuhi awe amefika sita. Akitapika, akibadilika rangi, tukimbilie kwake hata bila viatu. Na kesho tuje vilevile, gari liko palepale.

Kijiko cha dukani kikachemshwa. Binti yangu alikaa mkabala nami, magoti yetu yakigusana, Punje kifuani kwangu amelala kama kitambaa. Alichota, akamgusisha mdomo. Maziwa yakaingia, yakakaa, yakatoka pembeni.

Nilikuna nyayo. Kijiko kingine. Yakatoka.

"Amechoka," binti yangu alisema. "Tumechelewa, Mama."

"Mume wangu," nikamwambia sikioni, "nimekupunja, najua. Mpunjwa hudai. Dai."

Mkwe wangu, mlangoni, alikuwa ameishika fremu kwa mikono yote miwili. Nje, mteja mwenye nusu kichwa alikuwa bado yupo. Nilisikia kiti kikilia, kisha kikanyamaza. Binti yangu akachota tena, kidogo, akaulaza mdomo wa kijiko juu ya ulimi. Tukangoja. Nilihisi kooni mwake kitu kikipanda na kushuka, kwenye ngozi yangu, kabla hatujakiona.

"Amemeza," nilinong'ona.

Tuliogopa kumshtua.

Safari ile alimaliza vinne, ikatuchukua muda ambao mtu angepika na kula. Iliyofuata alimaliza vitano na kutema kidogo, nasi sote watatu tukaacha kupumua mpaka alipopumua yeye. Tulipokezana, lakini sidhani kama kuna aliyelala. Kila mara nilimtazama midomo kwanza, rangi yake, kisha tumbo, kisha midomo tena.

Asubuhi mkwe wangu alifunga duka akaja nasi. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshafika, dereva anakunywa chai amesimama. Nesi alisugua viganja, akatandika kitambaa, akamlaza. Mimi sikutazama mizani. Nilitazama uso wa binti yangu, kwa sababu huo najua kuusoma.

"Hakuongezeka," nesi alisema. Akangoja sindano ya mizani itulie kabisa. "Lakini hakupungua."

Alitoka akazungumza na dereva. Aliporudi alisema tutakaa kwake mpaka mchana, amwone mtoto akinywa kwa macho yake. Akiendelea kumeza, gari litabeba mwingine. Akilegea, ataondoka papo hapo, na hilo tusilisahau, maana bado yuko pale pembeni, mguu ndani mguu nje. Kisha akafungua droo akanipa kikombe kipya chenye mistari.

"Bibi, hiki usikipike."

"Nani kakwambia?"

Alimtazama mkwe wangu, naye akatazama dari.

Binti yangu alikamua, tukamimina mpaka mstari wa thelathini, nesi ameinama anasoma pamoja nasi. Mama mtu akamnywesha. Alimeza polepole, akapumzika katikati kama mzee anayepanda kilima, akamaliza. Nikamfuta midomo.

Na midomo ikaendelea kucheza. Akageuza kichwa, kidogo, huku na huku. Alikuwa akitafuta. Siku ngapi alikuwa hajatafuta.

Nilimgeukia nesi. Binti yangu naye alimgeukia. Nesi alisugua vidole, akambonyeza tumbo taratibu, akasikiliza kifua chake, akamtazama rangi. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mwongezeni," alisema. "Kidogo, kama kijiko kimoja. Nipo hapa."

Binti yangu aliniletea kikombe.

"Chukua, Mama," alisema. "Hii ni kazi yako."

Nikakipokea, nikamimina kidogo, nikamwongezea. Macho yake yalikuwa wazi, anaona.